Maswali Yenu: Kichwa, Jiwe na Kompyuta

Toleo lililopita tulieleza kwa ukurasa mmoja jinsi wahandisi wanavyojenga kichwa ndani ya kompyuta: fuvu na ubongo vinagawanywa vipande vidogo maelfu kwa maelfu, kisha kichwa hicho, yaani modeli, kinagongwa ili ijulikane nini kinaumia, wapi na kwa nini. Barua zimekuja nyingi, sehemu kubwa kutoka Mwanza na ng'ambo ya ziwa. Ya kwanza tumeitanguliza kwa sababu haingojei zamu.

Tunaishi Mabatini, nyumba iko juu kwenye miamba. Mwanangu wa miaka sita aliteleza kwenye jiwe akaanguka, akajigonga juu ya sikio. Alilia, akanyamaza, akarudi kucheza. Hiyo modeli yenu inaweza kuniambia kama yuko salama?
*Mama wa watoto watatu, Mabatini*

Hapana, mama. Modeli inajibu habari za kichwa cha wastani kilichogongwa kwa kasi inayojulikana. Haimjui mwanao.

Wewe mwangalie kwa siku nzima, na usiku umwamshe mara mbili tatu uone anakutambua. Akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia kiasi cha kuwa mgumu kuamka, akiongea ovyo, akipepesuka, akipata degedege, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, au majimaji au damu ikimtoka puani au sikioni, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka apelekwe hata kama haonyeshi dalili yoyote. Usimpe aspirini wala dawa ya kumlaza.

Kurudi kucheza kusikutulize mapema. Sehemu uliyoitaja, juu ya sikio, ndipo fuvu lilipo jembamba, na mshipa wa damu unapita chini yake. Mfupa ukipata ufa, mshipa huo unaweza kuvujisha damu taratibu kati ya fuvu na utando wa ubongo. Mtoto anaonekana mzima kwa saa kadhaa, kisha hali inageuka ghafla.

Mwenzetu aliteleza na pikipiki kwenye lami yenye mvua. Helmeti haikupasuka, fuvu halikuvunjika, lakini alizimia na mpaka leo anasahausahau. Kama helmeti ilifanya kazi yake, ubongo uliumiaje?
*Dereva wa bodaboda, Buhongwa*

Jaribu hivi nyumbani. Jaza maji kwenye ndoo ya mviringo ya lita 20, nyunyiza juu yake unga kidogo au majani ya chai, kisha ishike ndoo kwa mikono miwili na uizungushe ghafla robo ya duara. Ndoo imegeuka, lakini majani ya katikati yako palepale yalipokuwa. Yale ya pembeni yameburutwa kidogo na ukuta wa ndoo. Maji yamebaki nyuma.

Sasa ijaze ndoo pomoni, ifunge kifuniko pasibaki hewa, uisukume kwa kishindo moja kwa moja. Maji ya ndani hayana pa kwenda, kwa hiyo yanasafiri pamoja na ndoo. Kanieneo inapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, basi.

Ubongo una tabia hiyohiyo. Kuubana upungue ujazo ni kazi ngumu kama kubana maji: ugumu wake wa ujazo ni takriban paskali bilioni 2.19. Kuubadilisha umbo ni rahisi kuliko kubonyeza jeli: ugumu wake wa umbo ni paskali elfu chache tu. Tofauti ya namba hizo mbili inakaribia mara milioni moja. Ndiyo maana pigo la moja kwa moja linatisha zaidi kwa fuvu, na pigo linalozungusha kichwa linatisha zaidi kwa ubongo. A.H.S. Holbourn wa Oxford alilieleza hilo mwaka 1943 akitumia jelatini iliyomiminwa kwenye umbo la fuvu, miaka mingi kabla ya kompyuta za leo.

Twende kwenye lami. Tuseme helmeti imetua kwa kani ya niutoni 5,000, na msuguano wa ganda lake na lami ni 0.4. Lami inalivuta ganda pembeni kwa niutoni 2,000. Kutoka hapo hadi katikati ya kichwa ni kama sentimita 13, kwa hiyo kuna msokoto wa niutoni-mita 260. Ukinzani wa kichwa na helmeti kuzungushwa ni kama 0.03 kwa vipimo vya kilo na mita. Gawanya: mchapuko wa mzunguko ni karibu radiani 8,700 kwa sekunde mraba. Ukidumu milisekunde 5, kichwa kinazunguka kwa radiani 43 kwa sekunde. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilipotoa kigezo chake cha mzunguko mwaka 2013, kasi za rejea zilikuwa radiani 66.25 kwa sekunde kichwa kikiinamia begani, 56.45 kikiitikia ndiyo, na 42.87 kikikataa hapana. Ona hiyo ya mwisho: kichwa kina uvumilivu mdogo zaidi kinapogeuzwa kushoto na kulia.

Kwa miaka mingi helmeti za pikipiki zilipimwa hasa kwa kuangushwa wima. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya toleo la 22.05 ilitaka kichwa cha chuma ndani ya helmeti kigonge kwa mita 7.5 kwa sekunde, na mchapuko usizidi g 275 (g moja ni mchapuko wa kitu kinachoanguka chenyewe). Toleo la 22.06 limeongeza jaribio la kugonga kwa mshazari na kupima mzunguko, kikomo kikiwa radiani 10,400 kwa sekunde mraba. Ukinunua, geuza kibandiko cha mkanda usome namba ya idhini: ikianza na 06 ni ya toleo la 22.06.

Wala asije mtu akasema basi helmeti haina faida. Bila helmeti mwenzenu angeongeza fuvu lililopasuka juu ya hayo yaliyompata. Na helmeti isiyofungwa mkanda hutangulia kuruka kabla kichwa hakijafika chini. Abiria wengi tunaowaona Barabara ya Kenyatta wameivaa kama kapelo.

Nafundisha fizikia kidato cha nne. Kuna hesabu ya majeraha ya kichwa ambayo wanafunzi wanaweza kuifanya kwa chaki, bila kompyuta?
*Mwalimu, Sengerema*

Ipo, mwalimu, na ni nzuri. Kigezo kinachotumika zaidi kwenye majaribio ya magari kinaitwa HIC (Head Injury Criterion), yaani kigezo cha jeraha la kichwa. Mizizi yake ni majaribio ya Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit. Ukichukulia kwamba kichwa kinasimamishwa kwa mchapuko usiobadilika, fomula yake inakuwa fupi:

HIC = a × a × √a × T

Hapo *a* ni mchapuko kwa kipimo cha g, na *T* ni muda kwa sekunde. Jaribu g 100 kwa milisekunde 10: mia mara mia mara kumi ni 100,000, zidisha kwa 0.01, unapata 1,000. Kwa magari ya Marekani kikomo cha mtu mzima wa wastani ni 700, dirisha la kupimia likiwa halizidi milisekunde 15.

Sasa waangushe kichwa kutoka mita 1.5. Kasi ya kugonga ni kipeuo cha pili cha 2 × 9.81 × 1.5, yaani mita 5.42 kwa sekunde. Kikigonga jiwe, kinasimama ndani ya umbali mdogo mno, tuseme milimita 3, nazo ni za ngozi, nywele na mfupa kubonyea. Mchapuko ni kasi mraba gawanya kwa umbali mara mbili: 29.4 ÷ 0.006 = 4,900, yaani g 500. Muda ni umbali mara mbili gawanya kwa kasi, milisekunde 1.1. HIC inazidi 6,000. Weka povu linalobonyea milimita 25 na urudie hesabu: g 60, milisekunde 9.2, HIC kama 257.

Wanafunzi wakimaliza, waambie waondoe *a* na *T* kwenye fomula wabakize kasi na umbali tu. Wataona HIC inakua kwa kasi kuzidishwa yenyewe mara nne, na inapungua kwa umbali kwa kipeo cha 1.5. Kwa maneno ya darasani: ukiongeza kasi mara mbili, HIC inapanda mara 16, ukiongeza unene wa povu mara mbili, inashuka chini ya mara 3. Pale ubaoni wataona wenyewe kwa nini kupunguza mwendo kunashinda kununua helmeti nene.

Wakumbushe mambo mawili. Mchapuko halisi haubaki uleule, unapanda na kushuka kama kilima, kwa hiyo kilele chake ni kikubwa kuliko cha hesabu hii. Na HIC haina habari yoyote ya mzunguko: mtu wa Buhongwa hapo juu angeweza kupata HIC ndogo na bado akazimia.

Povu la ndani ya helmeti yangu limevunjika kipande. Huku Mwaloni maboksi meupe ya povu ya kusafirishia samaki yapo tele. Nikichonga kipande kikae sawasawa, si ni povu lilelile?
*Fundi, Kirumba*

Ukoo ni mmoja, uzito mbalimbali. Povu la boksi la samaki limetengenezwa lihifadhi baridi, na mita moja ya ujazo huwa na uzito wa kilo 20 hivi. La helmeti kwa kawaida ni kilo 40 hadi 70. Povu la kilo 20 linaanza kusagika kwa mkazo wa kilopaskali 100 hadi 120. La kilo 60 linahitaji mara tatu au nne ya hapo.

Piga hesabu ya nishati. Kichwa cha kilo 5 kwa mita 7.5 kwa sekunde kinakuja na juli 140. Povu la milimita 35 linaweza kubonyea milimita 23 tu, kwa sababu likishabonyea kama asilimia 65 ya unene wake linakuwa gumu kama ubao. Eneo linalogusana ni kama sentimita mraba 80. Povu la samaki hapo linatoa kani isiyofika niutoni 1,000, na katika milimita 23 linakula juli 22. Juli 118 zilizobaki zinakwenda wapi? Zinafikia kichwani baada ya povu kuisha.

Usichonge. Tena hata povu halali likishabonyea mara moja halirudi: seli zake zimepasuka, ndiyo kazi lililowekewa kwenye helmeti. Bonyeza ndani kwa kidole gumba sehemu mbalimbali. Pakizama kirahisi kuliko pengine, au ukiona mstari wa ufa, helmeti hiyo imekwisha hata kama rangi ya nje inang'aa.

Najenga modeli ya kichwa kwa OpenRadioss, programu ya kuiga migongano, mradi wa mwaka wa nne. Nimelinganisha na jaribio la Nahum la 1977 na kanieneo ya mbele imetoka kilopaskali 138, karibu sawa kabisa. Lakini mnyumbuko wa ubongo hauzidi asilimia 3 hata nikikizungusha kichwa kwa nguvu. Elementi, yaani vile vipande vidogo, ni 210,000, tetrahedra (piramidi za pembetatu) za nodi (pointi za kona) 4, ubongo umegandishwa moja kwa moja kwenye fuvu, muda milisekunde 10. Laptop ni ya RAM 8 na umeme unakatika. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi wa uhandisi, Nyegezi*

Umekosea pengi, lakini yote yanatibika. Kwanza tuiondoe furaha ya kanieneo. Katika jaribio la Nahum kichwa cha maiti kilipigwa kwenye paji, mchapuko ukafika karibu g 200. Chukua densiti ya ubongo, kilo 1,040 kwa mita ya ujazo. Zidisha kwa mchapuko, 1,960. Zidisha kwa umbali kutoka katikati hadi paji, mita 0.07. Unapata kilopaskali 143. Hukuhitaji elementi hata moja. Ile ndoo ya maji iliyofunikwa ingekupa jibu hilohilo. Kulingana na Nahum kunathibitisha kwamba densiti na ukubwa wa kichwa viko sawa. Juu ya mnyumbuko, yaani asilimia ambayo tishu imerefuka, hakusemi kitu.

Anza na kosa linalochukua dakika moja kulikagua: vipimo. Kama unatumia milimita, tani na sekunde, mkazo wote unasomwa kwa megapaskali. Densiti ya ubongo iandikwe 1.04 × 10⁻⁹, ugumu wa ujazo 2,190, na ugumu wa umbo 0.002. Wengi huona "2" kwenye makala, yaani kilopaskali 2, wakaiandika 2. Hapo ubongo unakuwa mgumu mara elfu, sawa na soli ya kandambili, na mnyumbuko wa asilimia 3 ni harufu ya kosa hilo hasa. Kosa la kinyume lipo pia: kuandika uwiano wa Poisson (kipimo cha kubanika, ambapo nusu ni tishu isiyobanika kabisa) 0.4999 ukidhani umekaribia nusu vya kutosha. Kwa ugumu wa umbo wa kilopaskali 2, namba hiyo inakupa ugumu wa ujazo wa megapaskali 10 tu, pungufu ya ule wa kweli zaidi ya mara 200. Wewe hukuliangukia hilo, maana kanieneo yako ingevurugika. Ingiza ugumu wa ujazo na wa umbo kila mmoja peke yake, achana na Poisson.

Ukishakagua hapo, tazama muda. Ndani ya ubongo kuna mawimbi ya aina mbili yanayosafiri kama ndege na kobe. Wimbi la kanieneo linakwenda mita 1,450 kwa sekunde na linavuka kichwa kizima kwa sehemu ya kumi ya milisekunde. Wimbi la kubadili umbo kasi yake ni kipeuo cha pili cha ugumu wa umbo gawanya kwa densiti: kati ya mita 1.4 na 2.4 kwa sekunde, kutegemea kama umeweka kilopaskali 2 au 6. Kutoka kwenye fuvu hadi katikati ni sentimita 7, kwa hiyo kobe anahitaji milisekunde 30 hadi 50. Ulipokata kwenye 10 alikuwa ametembea sentimita moja na nusu au mbili na ushei. Pigo lenyewe limeshakwisha wakati huo, lakini jeraha ndiyo kwanza liko njiani. Endesha hadi milisekunde 60, ikiwezekana 80.

Tetrahedra za nodi 4 uzitoe kwenye ubongo. Tishu isiyobanika ukiigawa kwa elementi hizo inakaza: kila elementi inalazimika kulinda ujazo wake, na kwa kuwa ina nodi chache, haipati namna ya kujikunja. Tumia elementi za pande sita zenye nodi 8, za milimita 2 hadi 4, au tetrahedra za nodi 10 kama umbo linakushinda. Zile za nodi 8 zenye pointi moja ya kukokotolea zina ugonjwa wao, awaglasi: zinajipinda kama kisaa cha mchanga bila programu kuhisi mkazo wowote. Programu inalizuia kwa kani za bandia, na nishati ya kani hizo isizidi asilimia 10 ya nishati ya ndani. Kikague kiwango hicho kwa ubongo peke yake. Ukiangalia jumla ya modeli nzima, nishati ya fuvu ni kubwa kiasi kwamba inaficha uozo wa ubongo, na wasimamizi wengi hawaulizi.

Kugandisha ubongo kwenye fuvu nako kunauzuia usiteleze. Weka tabaka la majimaji katikati, unene wa milimita 2 hivi, ugumu wa ujazo kama wa maji na ugumu wa umbo mdogo kuliko wa ubongo. Kama utatumia mguso wa kuteleza badala ya tabaka, uruhusu kuteleza lakini usiruhusu kuachana, la sivyo kanieneo hasi ya upande wa pili itapotea. Na usisahau kile kikuta cha utando kinachotenganisha nusu mbili za ubongo pamoja na kile kilichotandazwa juu ya ubongo mdogo. Modeli nyingi huvipa megapaskali 31.5. Ni vyembamba, unene kama milimita moja, lakini kichwa kikigeuka kushoto na kulia kikuta hicho ndicho kinachousukuma ubongo, na mnyumbuko mkubwa unatokea karibu nacho. Kukiondoa ni kujenga kichwa cha mtu mwingine.

Habari ya laptop. RAM 8 inatosha kwa elementi 210,000. Kinachokula muda ni idadi ya hatua. Urefu wa hatua ni ukubwa wa elementi ndogo kuliko zote gawanya kwa kasi ya sauti ndani yake. Kwenye mfupa wa paskali bilioni 15 sauti inakwenda mita 2,800 kwa sekunde, hivyo elementi ya milimita 2 inataka hatua ya mikrosekunde 0.7. Milisekunde 60 ni hatua 86,000. Sasa, kama swali lako ni la mzunguko, lifanye fuvu liwe gumu lisilobonyea na ulipe mwendo wenyewe kama ulivyopimwa. Mfupa unatoka kwenye hesabu, hatua inafika mikrosekunde 1.4 ya ubongo, na kazi inapungua nusu. Tumia toleo la usahihi maradufu: ukiwa na namba mbili zinazopishana mara milioni ndani ya tishu moja, tarakimu saba hazikutoshi. Iambie programu iandike faili la kuendelezea kila hatua 5,000 ili umeme ukikatika urudi hapo na si mwanzo, na matokeo ya picha yahifadhi kila nusu milisekunde tu, diski isijae.

Ukimaliza linganisha na majaribio ya Hardy na wenzake, nao wa Wayne State, yaliyochapishwa kuanzia 2001. Walipandikiza vipande vidogo vyenye uzito sawa na tishu ndani ya ubongo wa maiti, wakavifuatilia kwa eksirei ya kasi. Vilitembea milimita chache, vikichora kitu kama tarakimu 8. Modeli yako ikichora 8 hiyo kwa ukubwa unaofanana, hapo ndipo uanze kuiamini. Viwango vya kulinganishia mnyumbuko: Bain na Meaney mwaka 2000 walipata kwamba nyuzi za neva ya jicho la simbilisi (guinea pig) zikivutwa kama asilimia 18 zinaanza kushindwa kupitisha ishara, Kleiven wa Stockholm mwaka 2007 akapata asilimia 21 kwenye daraja linalounganisha nusu za ubongo na 26 kwenye tabaka la kijivu kuwa ni nusu kwa nusu ya kupata mtikisiko. Namba ya Kleiven ilitoka kwenye modeli yake. Ukiihamishia kwenye modeli yenye elementi na ugumu tofauti, inapoteza sehemu ya maana yake, kwa hiyo itaje kwa tahadhari.

Nafanya kazi kwenye mashine ya CT, ile ya eksirei ya tabaka kwa tabaka. Watafiti wanatuomba picha za vichwa. Zipi zinawafaa, na tunalindaje wagonjwa?
*Mtaalamu wa picha, Nyamagana*

Zinazofaa ni zenye tabaka la milimita 1 au chini. Hospitali nyingi zinahifadhi tabaka za milimita 5, na fuvu la juu lenye unene wa milimita 6 au 7 linatoka kama ngazi za mlima Isamilo. Ukiombwa mapema, tengeneza tabaka nyembamba kabla mashine haijafuta data ghafi. CT inatoa mfupa vizuri. Kutenganisha tabaka la kijivu na jeupe la ubongo kunahitaji MRI, picha za sumaku. Kwenye 3D Slicer, programu ya bure ya kuchonga umbo kutoka kwenye picha, anzeni na kizingiti cha mfupa karibu 250 kwa kipimo cha HU (kipimo cha ung'avu wa picha za CT), kisha mzibe kwa mkono matundu ya mifupa myembamba ya macho na pembeni ya kichwa. Kulainisha uso kunanyoa mfupa: pimeni unene sehemu tano kabla na baada.

Ruhusa ya maadili ya utafiti itangulie, na kwa Tanzania Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ndiyo inayosimamia. Kufuta jina la faili hakutoshi. Jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya jalada vimeandikwa ndani ya kila picha. Hata vikifutwa, sura ya mtu inaweza kuchongwa upya kutoka kwenye ngozi iliyomo kwenye picha, na jirani yake akamtambua. Ondoeni uso kabla data haijatoka.

Katika kesi za kifo, kompyuta inaweza kusema kama marehemu alisukumwa, alipigwa au aliteleza mwenyewe kwenye mawe?
*Wakili, Mwanza*

Inaweza kupunguza orodha ya yanayowezekana. Kutaja mhusika haiwezi. Kuna alama moja ya zamani ambayo modeli inaieleza vizuri: mtu akianguka chali kichwa kikiwa kwenye mwendo, michubuko ya ubongo mara nyingi inakutwa mbele, ng'ambo ya mahali alipogonga, akipigwa akiwa ametulia, inakutwa zaidi chini ya pigo. Lakini kusukumwa na kuteleza vyote ni kuanguka.

Shida ya pili ni kasi, wakili. Mtu wa mita 1.7 akianguka amenyooka kama nguzo, utosi unafika chini kwa karibu mita 7 kwa sekunde, zaidi ya jiwe lililodondoshwa kutoka urefu uleule. Akikunja magoti na kutanguliza mkono, anaweza kufika na mita 4. Rudi kwenye hesabu ya mwalimu wa Sengerema: kati ya kasi hizo mbili HIC inapishana zaidi ya mara 9. Shahidi atakayekuletea namba moja bila kutaja masafa ya kasi aliyoyajaribu, mwulize alijuaje magoti hayakukunjwa.

Kinachosaidia kukusanywa siku ileile ni hiki: urefu wa jiwe na mteremko wake, kama lilikuwa na maji au kuvu, viatu na soli zake, unene wa nywele au kilemba, mahali damu ilipo kwenye jiwe, na picha zilizopigwa na rula ikiwa kando. Mvua moja ya ziwani ikipita, nusu ya hivyo haipo tena.